Blaki metali ya mandhari na majonzi: tukae tuisikilize vizuri

#1 · Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam. Uzi huu nimekaa nao kichwani muda mrefu, leo nautua. Kila nikimwekea mtu blaki metali, ile roki nzito ya mayowe na kasi, dakika mbili haziishi ananigeukia: "Huyu anayepiga mayowe kapatwa na nini?" Simlaumu. Mimi mwenyewe mara ya kwanza nilizima. Ya pili nikazima. Ya tatu nilikuwa nimelala na homa, spika ziko upande wa pili wa chumba, nguvu za kuinuka sina. Ndiyo siku nilipousikia.

Nitasema nilichokisikia, kisha mnipige mawe: huu ni muziki wa polepole.

Najua, najua. Ngoma zinamwagika kama mvua ya mawe, gitaa linavuma kama nyuki waliochokozwa, halafu huyu anatuambia polepole. Lakini ziacheni ngoma zipite, mfuate gitaa peke yake. Mpigaji anakwaruza waya juu-chini, juu-chini, bila kupumzika. Wenyewe wanaita tremolo. Kwenye wimbo wa mapigo 180 kwa dakika, kila pigo likigawanywa mara nne, hiyo ni mikwaruzo 12 kwa sekunde moja. Sikio haliwezi kuihesabu, kwa hiyo linaiunga: inakuwa sauti moja ndefu, kama upinde unavyovutwa juu ya waya wa fidla. Sauti hiyo inakaa palepale. Inakaa. Kisha inapanda ngazi moja, inakaa tena. Ukianza kuhesabu kwa mwendo huo wa gitaa, utakuta tuni yenyewe inatembea kama watu wanaosindikiza jeneza.

Na ngoma je? Zikishakuwa nyingi kiasi hicho (mtindo wenyewe tunauita blasti, ngoma ndogo na ngoma ya mguu zikipokezana bila kukoma) zinaacha kuwa mdundo. Hakuna binadamu anayetingisha kichwa mara kumi kwa sekunde. Zinageuka hali ya hewa. Unakaa ndani yake.

Hapo ndipo tawi hili la mandhari linapojitenga na ndugu zake. Jina la ukoo mzima lilitoka kwenye Black Metal, albamu ya Venom, Waingereza, mwaka 1982, na wale kusema kweli walikuwa wahuni wa kuchekesha tu. Ubaridi waliuleta Bathory wa Sweden, au niseme Quorthon, maana bendi ilikuwa yeye. Kufikia Blood Fire Death ya 1988 na Hammerheart ya 1990 nyimbo zikarefuka, kwaya ikaingia, msikilizaji akaanza kuona bahari pale alipozoea kuonyeshwa shetani. Wanorwei wakapokea kutoka hapo.

Nitarudi na majina zaidi. Uliyewahi kuguswa na muziki huu, karibu. Unayeuchukia pia karibu, ila taja umeuchukia wimbo gani.

#2

Mkuu, mimi nimeichukia albamu nzima. Nimesikiliza hiyo Filosofem ya Burzum ambayo kila mtu anaitaja. Hivi huyu jamaa alirekodia ndani ya debe? Gitaa linasikika kama nzi kwenye chupa, mwimbaji kama anapiga simu kutoka kisimani. Kama hela ya studio haikuwepo tuseme haikuwepo, tusianze kuita sanaa.

#3 · Mwanzisha uzi

Mkuu wa #2, umesikia vizuri kuliko unavyodhani. Simu kutoka kisimani ndiyo picha yenyewe.

Filosofem ilirekodiwa 1993, ikatoka 1996. Mwenyewe, Varg Vikernes (Burzum ni yeye peke yake), amesimulia kwamba alimwomba fundi wa studio ampe maikrofoni mbovu kuliko zote, akaishia kuimbia kile kipaza sauti kidogo cha hedifoni. Gitaa hakulipitisha kwenye amplifaya ya gitaa. Alilichomeka kwenye amplifaya ya stirio ya ndugu yake. Maana yake studio ilikuwepo, vifaa vizuri vilikuwepo, na mtu akavipita makusudi.

Rudia wimbo wa kwanza. Wala hauna kasi. Gitaa linazunguka palepale, lina mchanga kooni, halafu kinanda kinaingia juu yake na noti chache mno, moja moja, kama matone. Sasa jiulize: gitaa lingekuwa safi, yale matone ungeyasikia? Yangepotea kama nguo nyeupe kwenye kamba ya nguo nyeupe. Uchafu wa gitaa ndio uliomfanya yule wa kinanda aonekane ameoga.

Darkthrone, Wanorwei wengine, nao. Transilvanian Hunger, 1994: Fenriz alipiga vyombo vyote peke yake, kwa kinasa sauti cha njia nne, nyumbani, mwenzake Nocturno Culto akaja kuweka sauti tu. Njia nne, mkuu. Ngoma zikichukua yao, gitaa yake, kinachobaki hakitoshi hata kwa pambo moja. Ndiyo maana tuni zake ni fupi na zinarudi na kurudi: hakuna pa kujificha, lazima tuni yenyewe ibebe mzigo.

Lakini msijenge dini kwenye ubovu wa sauti. Mwaka huohuo Emperor walitoa In the Nightside Eclipse, iliyorekodiwa Grieghallen, ukumbi mkubwa wa muziki wa Bergen, chini ya fundi Eirik Hundvin anayejulikana kama Pytten. Humo vinanda vimejaa mpaka darini. Nayo ina ukungu, ila ni ukungu wa gharama.

#4

Kabla hatujaenda mbali, naomba mtu aitaje Bergtatt, albamu ya Ulver wa Norwei, 1995. Basi naitaja mimi.

Ni hadithi ya sura tano, kwa Kinorwei cha kizamani: binti anapotea msituni, wenyeji wa mlimani wanamvuta, harudi. Yote haizidi sana nusu saa. Kinachonimaliza ni wimbo wa kwanza. Ngoma zinakimbia blasti kama kawaida, lakini juu yake hakuna mayowe. Kuna sauti za kuimba, tulivu, zimepangwa tabaka juu ya tabaka kama watawa kwenye sala ya alfajiri. Chini dhoruba, juu watu wamekaa wanaimba kana kwamba hawaioni. Mwanzisha uzi, hiyo polepole yako iko pale wazi kabisa, hata mtoto ataisikia.

Halafu sura ya tatu kila kitu kinakatika katikati. Kinabaki kinanda, na hatua za mtu porini. Hakuna anayeeleza chochote. Mara ya kwanza nilivua hedifoni nikaangalia mlangoni.

#5

Samahani wakuu, nisionekane naharibu sherehe. Hawa si ndio waliochoma makanisa na kuuana? Tunasifia muziki au tunasifia wauaji?

#6 · Mwanzisha uzi

Hujaharibu, ni bora iwe wazi. Ndio hao, au baadhi yao. Kanisa la mbao la Fantoft, la karne ya 12, liliteketezwa Juni 6, 1992, na mengine yakafuata. Agosti 1993 Varg Vikernes, yule yule wa Burzum, alimuua kwa kisu Øystein Aarseth wa bendi ya Mayhem. Mwaka 1994 akahukumiwa miaka 21 kwa mauaji hayo na kwa kuchoma makanisa. Alitoka 2009. Maandishi yake ya ubaguzi yanajulikana, sitayarudia hapa.

Msimamo wangu? Filosofem nilishaisikia, siwezi kuitapika, na ukiniuliza sauti ya tawi hili ilitoka wapi nitakuwa mwongo nisipoitaja. Lakini senti yangu haimfikii. Na sijawahi kukubali ile hoja kwamba uhalifu ndio uliotia muziki huu uzito. Kiberiti hakina tuni. Wale waliokuja baadaye hawakuchoma hata banda la kuku, na wameenda mbali kuliko yeye.

Nyongeza ndogo: kwenye tawi hili kuna bendi zinazoficha siasa za chuki nyuma ya miti na theluji. Msitu mzuri kwenye jalada si cheti cha tabia njema. Soma kwanza wimbo unasema nini.

#7

Sikubaliani nawe kwa kuitaja hata mara moja, mwanzisha uzi. Kuna albamu za kutosha duniani. Ila endelea, nasoma.

#8

Habari zenu. Mimi ni dada mtu mzima, sijui majina ya mitindo yenu hii, nimefika hapa kwa sababu ya albamu moja: The Mantle ya Agalloch, Wamarekani wa Portland, mwaka 2002. Kijana wangu ndiye aliyekuwa akiisikiliza.

Baba yangu alipofariki watu wazuri waliniletea nyimbo za faraja. Niliwashukuru, lakini kila wimbo ulikuwa unanivuta mkono: simama, futa machozi, kesho ipo. Mimi sikutaka kusimama. Siku moja nikapita mlangoni kwa kijana, gitaa la kawaida lisilo la umeme linapigwa taratibu, na ngoma nzito nyuma yake, hakuna anayeimba. Nikakaa kwenye kiti chake. Kisha ukaingia wimbo mrefu, karibu robo saa. Mwimbaji ananong'ona kwa ukali, halafu anaimba kwa sauti ya kawaida, halafu ananong'ona tena. Maneno sikuyafuata. Niliona tu kwamba kuna mtu hana haraka ya kunitoa nilipo.

Hiyo robo saa nimeisikiliza sijui mara ngapi mwaka ule. Mayowe makali bado siyawezi. Lakini nikisoma hapo juu kwamba muziki huu ni wa polepole, nimeelewa mara moja unasema nini.

#9 · Mwanzisha uzi

Shikamoo dada. Pole sana kwa msiba. Umenieleza uzi wangu kuliko nilivyoueleza mimi.

Niseme jambo moja kwa watakaofika hapa wakiwa na hali kama yako. Kuna kitawi cha pembeni ambacho kinaimba kukata tamaa na kujiua waziwazi, mayowe yake ni ya mtu anayelia kweli. Kuna kazi nzito humo. Xasthur wa California, kwa mfano, mtu mmoja tu na vyombo vyake. Lakini mimi nikiwa na wiki mbaya sikisogelei. Huzuni ya Agalloch ina dirisha. Ile nyingine wameziba kwa matofali. Ukiona unasikiliza ili uzidi kuzama, zima umpigie mtu simu.

#10

Nilikuja kusoma tu, sasa siwezi kunyamaza. Mnaongelea misitu na theluji kama kwamba hisia ni hizo tu. Panopticon je? Austin Lunn, Mmarekani, karibu kila chombo anapiga mwenyewe. Albamu yake ya 2012 inaitwa Kentucky na inahusu wachimba makaa ya mawe. Banjo na fidla za nyimbo za milimani kule, nyimbo za zamani za migomo, sauti za watu wakisimulia mapambano yao na wenye migodi, halafu ghafla blasti inakufunika. Mara ya kwanza nilidhani faili mbili zimechanganyika. Mara ya pili nikaelewa: banjo nayo inatiririsha noti hazikatiki, kama tremolo tu. Ni binamu.

Hasira mle ndani ina anwani. Haimlaani Mungu wala kuita giza. Inamtaja mwenye mgodi.

#11

Na Windir wa Sogndal, Norwei. Mwenye bendi, Valfar, aliimba kwa lahaja ya kwao, tuni zake ni za kuchezwa kwenye harusi kama ukizipunguza kelele. Januari 2004 alitoka kwa miguu kuelekea kibanda cha familia yake milimani, dhoruba ikamkuta njiani. Walimpata baada ya siku tatu. Alikuwa na miaka 25.

Sina la kuongeza. Sikilizeni 1184 ya mwaka 2001.

#12

Sasa wakuu, nani anataka ugomvi? Sunbather ya Deafheaven, bendi ya Marekani, 2013. Jalada la waridi. Ni blaki metali au si blaki metali?

#13

Si.

#14

Ndiyo, tena kuliko yako.

#15

Wavulana wamenyoa vizuri, wanavaa mashati, wanaimba kuhusu nyumba za matajiri. Blaki metali gani hiyo? Kesho mtaniletea ya manukato.

#16 · Mwanzisha uzi

Hahaha, nilijua tutafika hapa.

Mkuu wa #15, tuseme hilo la nyumba za matajiri. Mwimbaji, George Clarke, ameeleza picha iliyomzalia jina: alikuwa akizunguka na gari mtaa wa wenye nacho, akamwona msichana amelala juani nje ya nyumba nzuri. Basi. Hakuna kilichotokea. Yeye hana hela, yule ana jua. Muziki mzima umejengwa juu ya kile kijiti kinachokuchoma kifuani ukiona maisha ambayo hayatakuwa yako. Sasa niambie, hicho ni kitu kidogo kuliko theluji? Mimi theluji sijawahi kuililia. Wivu wa namna ile nimewahi.

Kwa upande wa sauti, wanachofanya ni kuchukua tremolo ile ile na kuielekeza kwenye noti za furaha, zile ambazo Wanorwei waliziogopa kama jua. Kasi ile ile, mayowe yale yale, ila tuni inang'aa. Ndiyo maana watu walikasirika: walibadilishiwa taa chumbani na samani zimebaki pale pale.

Njia hiyo hawakuifungua wao, wakuu, tusisahau. Alcest wa Ufaransa walishaifyeka. Kiongozi wao Neige (jina lenyewe ni "theluji" kwa Kifaransa) amesema tangu mtoto alikuwa akiona ulimwengu mwingine, wa nuru, na muziki wake ni jaribio la kuukumbuka. Albamu ya kwanza, Souvenirs d'un autre monde, ilitoka 2007. Humo haimbi kwa kupiga mayowe. Anaimba kwa upole, karibu ananong'ona, na magitaa yamevimba nyuma yake kama pazia lenye upepo. Walikopa kwa wapigaji wa shugeizi (roki ya magitaa yenye ukungu) wa Uingereza, wale waliokuwa wakiinamia vifaa vya miguuni badala ya kutazama watu. Na mwaka 2014 Neil Halstead wa Slowdive, mmoja wa wakubwa wa shugeizi wenyewe, akaimba kwenye albamu ya Alcest. Deni likarudi kwa mwenyewe.

#17

Nina swali la mgeni. Kama maneno hayasikiki, kwa nini waandike maneno?

#18

Ngoja nijaribu mimi. Mayowe ni chombo. Yanawekwa chini kwenye mchanganyiko wa sauti, mara nyingi nyuma ya gitaa, na mwangwi juu yake, ili uhisi kuna mtu kule mbali. Ukimleta mbele umsikie vizuri, mandhari inakufa. Inabaki jamaa anakupigia kelele sikioni.

Lakini maneno yapo kwa anayeyataka. Drudkh wa Ukraine wamechukua mashairi ya washairi wao, Taras Shevchenko akiwemo. Kwao ni beti za darasani, mtu anazijua toka utoto. Kwa hiyo mayowe yale kwetu ni upepo, kwao ni shairi walilolikariri, limeraruliwa koo. Niliposoma tafsiri nikarudia albamu yao Autumn Aurora ya 2004 nzima. Nilitaka tu kusikia upya.

#19 · Mwanzisha uzi

Jibu zuri sana hilo, sina cha kuongeza ila kwa wale ambao mayowe na kasi vyote vinawashinda: anzeni na Summoning wa Austria. Wawili tu, ngoma za mashine, vinanda kama tarumbeta za jeshi la hadithini. Ulimwengu wao ni ule wa hadithi za mwandishi Tolkien. Kasi wameitoa karibu yote. Ukisikiliza Dol Guldur ya 1996 utakuta kile nilichokuwa nikikisema kimevuliwa nguo: gitaa linavuma, ngoma ziko mbali na nzito, tuni inatembea. Kisha nenda Two Hunters ya Wolves in the Throne Room, 2007, ambako kasi imerudishwa, na uone kama bado utaisikia ile tuni inayotembea. Ukiisikia, umevuka.

Na tafadhali, msisikilize huku mnafanya hesabu au mnajibu ujumbe. Wala msiruke-ruke. Wimbo wa dakika 14 ukiuonja kwa sekunde 30 ni kama kuangalia bahari kupitia tundu la ufunguo. Sauti isiwe juu sana: wengi wanafungulia mpaka mwisho wakidhani ndiyo heshima, kumbe sikio likichoka linabaki na ngoma tu, gitaa linazama. Punguza kidogo, tuni inajitokeza. Hiyo niliijua kwa sababu ya ile homa. Spika zilikuwa mbali.

#20

Mimi ndiye wa #2, wa debe na kisima. Nimerudi.

Sikurudi kwa Burzum. Nilichukua ule wimbo mrefu wa dada wa #8, maana kama mama wa mtu ameuweza nitashindwaje. Taa nimezima, simu nimeilaza kifudifudi. Nikajiwekea kazi: kuhesabu gitaa linabadilika mara ngapi, nije kumuumbua mwanzisha uzi hapa kwa takwimu.

Nilifika kumi na moja. Baada ya hapo sikumbuki kuhesabu. Nilishtuka kumekuwa kimya, nikadhani mashine imezima, kumbe umeisha.

Mayowe bado siyapendi.

#21 · Mwanzisha uzi

Karibu, mkuu wa kisimani. Usiyapende, hayajaomba kupendwa. Kesho usiku weka ile ya Ulver aliyoitaja mdau wa #4, na ufunge mlango kabla ya sura ya tatu.

#22

Nilifunga. Haikusaidia.